Msitu Ulio Nyuma ya Sauti Zao

Jumatatu hiyo nilijua nimeachishwa kazi kabla sijashusha mkoba begani. Nilifungua mlango wa chumba cha redio, nikapiga hatua mbili, kisigino changu kikalia vibaya. Kwa miaka ishirini na sita kilikuwa kinalia kifupi, kwa sababu ukuta wa kushoto ulijaa makabati manne ya chuma yenye taarifa za doria za tangu enzi na enzi. Asubuhi hiyo kililia kirefu, sauti ikaenda mpaka ukutani, ikagonga, ikarudi. Chumba kilikuwa uchi. Nikasimama pale na funguo mkononi. Hakuna anayeondoa makabati kwenye chumba ambacho mtu ataendelea kukifanyia kazi.

Tarishi aliponiona nimeganda mlangoni akasema makabati yamepelekwa kupakwa rangi. Nikamwambia hiyo rangi akampake mkwe wake, mimi aniache.

Mimi sioni. Tulimalize hilo mapema, maana watu hupenda kulizunguka kama dimbwi la maji machafu. Surua ilinichukulia macho nikiwa na miaka sita, na nimeshasahau hata rangi. Kazi yangu ilikuwa kuendesha redio ya mawasiliano kwenye makao makuu ya hifadhi ya msitu. Askari wa doria walikuwa kwenye vituo saba huko ndani, na kila baada ya saa mbili kila mmoja alinipigia, nami nikamuuliza maswali yale yale: uko wapi, umekuta nini, hali ikoje. Majibu yao niliyaandika kwa nukta nundu, kibao mapajani na kalamu ya chuma mkononi. Waliniita Mama Redio. Wengine hawakujua nina jina jingine.

Jambo ambalo mabosi wote waliopita hawakulielewa ni kwamba sauti ya mtu haiji peke yake. Askari anapobonyeza kitufe na kusema, "Makao makuu, hali shwari," nyuma yake msitu wote unaingia naye. Kituo cha kwanza kulikuwa na maji yanayodondoka juu ya jiwe. Cha pili, mianzi iliyosuguana na tetere wasiochoka kulalamika. Cha tano, nyani na matusi yao. Kituo cha tatu, kule juu mlimani, ndicho nilichokipenda zaidi, kwa sababu ya hondohondo wanaolia kama vichanga vilivyofinywa. Kwa saa nane kila siku nilikaa ndani ya msitu ule, na sikuwahi kuukanyaga hata siku moja. Hakuna aliyenialika. Na mimi sikuomba, kwa sababu, niseme ukweli, niliogopa kuambiwa hapana.

Mkuu wa hifadhi aliniita saa nne. Alikuwa mgeni, ana miezi mitano tu kazini, mtu wa viatu vipya na marashi ya limau. Akanieleza kwa upole kwamba sasa kila askari atavaa kifaa kinachoonyesha mahali alipo, na kwenye kompyuta askari huyo ataonekana kama kidoti. Hakuna haja tena ya mtu wa kuuliza uko wapi. Akanikabidhi barua ya kustaafu mapema, kwa heshima zote, inayohitaji sahihi yangu tu. Akasema nimetumikia vya kutosha, nikapumzike. Upole wake ndio ulionikera zaidi. Angenifokea ningejua pa kumshika.

Nikamwambia sijachoka. Kisha nikamwambia nataka kazi ya msikilizaji. Kila mwaka mtafiti wa ndege, mwanamke mmoja wa maneno machache, alikuja kuhesabu ndege wa msitu ule, na nilikuwa nimemsikia ukumbini akilalamika kwamba katika ndege kumi humo ndani, tisa husikika bila kuonekana, na wasaidizi anaopewa wana macho makali na masikio ya mapambo. Nafasi hiyo ilikuwa wazi. Mkuu akacheka kidogo, halafu akaacha, kwa sababu mimi sikuwa nacheka.

"Mama, wewe hujawahi hata kufika huko," akasema.

"Niko huko kila siku tangu hujaanza shule."

Tukabishana mpaka chai yake ikapoa. Mwishoni akakubali, nadhani ili nimwondokee. Baada ya wiki tatu, mtafiti akiwa amekuja, nitajaribiwa kwenye vituo vitatu vya kwanza, dakika kumi kila kimoja. Mtafiti ataandika kila ndege anayemsikia na upande alipo, na mimi vivyo hivyo. Nikipata tisa katika kila kumi, kazi yangu. Nikikosa, natia sahihi ile barua papo hapo na simsumbui tena. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni, nikaenda zangu.

Nyumbani niliishi na dada yangu mkubwa, fundi cherehani, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Nilipomweleza, cherehani ikasimama. Akasema nimerukwa na akili. Akanitajia nyoka, mashimo, mito, na magonjwa ambayo nina hakika aliyabuni pale pale. Akasema hakunilea miaka yote hiyo ili nikafie kichakani kwa ajili ya ndege. Nikamjibu kwamba hakunilea ili nikae kwenye kochi nikisubiri kulishwa. Hilo lilimuuma, nikajua limemuuma, na sikuomba radhi. Tulikula usiku huo bila kusemezana, na dada yangu akinuna hata vijiko vyake hununa.

Nilihitaji mtu wa kunipeleka. Askari wengi wangekubali kwa kunionea huruma, wangenishika mkono kama yai na kunisifia kila ninapokohoa. Sikuitaka hiyo. Nikamfuata mtu mmoja aliyekuwa na kila sababu ya kunichukia.

Aliitwa Jogoo, na jina hilo nilimpa mimi. Miaka tisa nyuma alinipigia alfajiri akisema yuko kituo cha tatu, hali shwari. Nyuma yake nikasikia jogoo anawika, na mwiko unakwangua sufuria. Ningeweza kunyamaza, au kumkanya faraghani. Mimi domo langu halina breki. Nikamuuliza hewani, vituo vyote vikisikia, "Kituo cha tatu siku hizi mnafuga kuku?" Msitu mzima ulivunjika mbavu. Mkuu wa wakati ule hakucheka. Alimsimamisha mwezi mzima na kumnyima cheo alichokuwa anakitazamia. Tangu hapo alinipigia redio kwa wakati, kwa adabu, bila neno la ziada hata moja.

Nilimkuta nyuma ya stoo akisafisha buti zake. Nikamwambia shida yangu bila kumpaka mafuta. Akaendelea kusugua kwa muda mrefu.

"Kwa nini mimi?" akauliza.

"Kwa sababu nikikosea utaniambia. Tena utafurahi kuniambia."

Akatoa kicheko cha puani. Akaniambia niwe getini Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nivae viatu vinavyofunga, na nisitegemee kubebwa.

Siku ya kwanza niliingia msituni kifua mbele, na niliumbuka ndani ya robo saa. Tulikuwa njia ya kituo cha kwanza, mkono wangu wa kushoto kwenye mkoba wa Jogoo, fimbo kulia. Mara nikasikia lori. Lilikuja kutoka nyuma, kwa kasi, likihema, likiwa karibu kabisa na vichwa vyetu. Nikapiga ukelele, nikamsukuma Jogoo upande mmoja na mimi nikajirusha upande wa pili, moja kwa moja kwenye upupu. Lori likapita. Halikuwa na injini wala magurudumu. Jogoo alikaa chini njiani akacheka mpaka akakosa pumzi, na mimi nikijikuna hadi kope.

Ni hondohondo, akaniambia alipoweza kusema. Hondohondo wawili wakubwa wamepita juu yetu, hivyo ndivyo mbawa zao zinavyovuma.

Miaka ishirini na sita nilimjua ndege huyo kwa kilio chake, na sikujua kama ana mbawa. Redio haikuwahi kuniletea mbawa. Nikakaa kwenye upupu wangu nikaelewa jinsi nilivyojidanganya. Redio ilichuja kila kitu: sauti nzito ilizitupa, nyembamba sana ilizitupa, ikaniletea zile za katikati tu. Mimi nikadhani huo ndio msitu, kumbe ni makombo yake. Hapa mnong'ono wa wadudu ulikuwa mwembamba kiasi cha kuuma meno, na mti mkubwa upepo ukiupiga niliusikia kwa nyayo. Nilitaka kulia. Badala yake nikamwambia Jogoo aache kucheka, ainuke, bado tuna saa nne za mchana.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kwenye redio kila kitu hutoka sehemu moja, pale spika ilipo. Kwa hiyo nilimsikia shorwe, nikamjua ni shorwe, lakini Jogoo aliponiuliza yuko wapi nikaonyesha kushoto naye yuko nyuma yetu juu. Katika sauti ishirini za siku ile nilipatia upande mara sita. Jogoo alinisomea matokeo polepole, akiyafurahia, kama nilivyomtabiria. Nikampenda kwa hilo.

Nilirudi nyumbani nimevimba uso. Dada yangu akanipaka dawa ya upupu kwa hasira, akinisugua kuliko ilivyohitajika. Nikamweleza jinsi ninavyokosea pande za sauti. Jioni iliyofuata, nikiwa nimekaa katikati ya sebule, nikasikia kijiko kimegongwa kwenye sufuria.

"Wapi hapo?" dada yangu akauliza.

"Mlangoni."

"Dirishani. Umeshafeli. Tena."

Tukacheza mchezo huo kila jioni kwa wiki tatu. Alivua viatu ili nisimsikie akitembea. Alipanda juu ya kiti, alilala chini ya meza, mwanamke wa miaka sitini, na aligonga vijiko viwili kwa mpigo ili kunichanganya. Nilijifunza kugeuza kichwa taratibu mpaka sauti ilingane kwenye masikio yote mawili, hapo pua yangu ikawa imeielekea. Hakuniambia hata mara moja kwamba anakubali niende. Alinishonea tu suruali ya kitambaa kizito chenye mifuko minane.

Na kila Jumamosi na Jumapili, Jogoo na mimi tukawa kiguu na njia. Nilijifunza msitu upya, kama mtu anayerudia darasa la kwanza akiwa na mvi. Nilijifunza kwamba mtoni hewa hubadilika kwenye shingo kabla maji hayajasikika. Kwamba palipo na nyati pananuka zizi, na hapo mtu hunyamaza na kurudi nyuma kwa adabu. Kwamba kigong'ota akigonga mti mkavu husikika mbali, akigonga mbichi husikika karibu, na usipojua hilo utamweka mahali asipo. Nilijifunza pia kutumia kisigino changu cha ofisini. Nikigonga chini au nikipiga kofi moja, shina nene lilinirudishia sauti yangu, vichaka viliimeza, na uwazi uliiachia iende zake isirudi. Jogoo alidhani natania. Nikapiga kofi, nikatembea hatua tano, nikaweka kiganja juu ya shina. Siku hiyo hakuwa na la kunicheka.

Kituo cha tatu hatukukifikia. Kilikuwa mbali, mlimani, na siku za mapumziko za Jogoo hazikutosha. Nilimuuliza tu kama hondohondo wa kule bado wapo, kwa sababu kwa miezi mitatu hivi sikuwa nimewasikia nyuma ya sauti za askari waliopiga kutoka huko. Yeye hupita kule kila wiki. Akasema labda wamefuata matunda upande mwingine. Na mimi nilikuwa nimefikiri hivyo hivyo, kwa hiyo tukaliacha.

Siku ya jaribio tulikuwa wanne: Mkuu na marashi yake, mtafiti na daftari lake, Jogoo na redio kiunoni, na mimi na mifuko minane. Asubuhi dada yangu alinifunga kamba za viatu mwenyewe, akazikaza mpaka nikalalamika, akasema niende nikawaonyeshe.

Kituo cha kwanza mtafiti alisikia ndege kumi na mmoja. Nilipata kumi. Mmoja nilimweka kulia naye yuko kushoto, nikajilaani. Kituo cha pili, kumi na wanne. Nilipata kumi na watatu. Mkuu aliacha kuongea kwenye simu yake. Mkoba wa Jogoo ulikuwa unatikisika kidogo chini ya mkono wangu, nikajua anajizuia kucheka kwa furaha.

Kupanda kituo cha tatu kulituchukua saa moja na nusu. Nilitarajia baridi, kwa sababu askari wote walinung'unikia baridi ya kule. Tulipofika, shavu langu la kulia lilikuwa na baridi kama walivyosema. La kushoto lilikuwa na joto. Nikafikiri ni jua limepenya mahali. Kisha nikanusa, na ikanijia harufu ya uga wa seremala, ile harufu tamu inayochachuka ya mbao mbichi. Mtafiti akasema dakika kumi zinaanza.

Sijui niliandikaje. Ndege walikuwepo, wachache, nami niliwachomea nukta zao mmoja mmoja, kichwa kikienda kulia na kushoto. Lakini kila kichwa kilipokwenda kushoto kilikuta kitu nilichokijua. Nilikijua vizuri sana. Ilikuwa ile Jumatatu, mlango wa chumba cha redio, makabati yameondolewa. Nikajikaza nisigonge kisigino mpaka dakika ziishe.

Zikaisha. Mtafiti alikuwa na ndege tisa, mimi wanane. Akajumlisha kwa sauti yake ya polepole: thelathini na mmoja kati ya thelathini na wanne. Akasema nimefaulu, na akaongeza kwamba angefurahi kufanya kazi na mimi. Akasema pia ni ajabu hatujasikia hondohondo hata mmoja. Mkuu akanipa mkono. Nilikuwa nimeipata. Kazi niliyoitaka kuliko kitu chochote ilikuwa mkononi mwangu, na mkono wa Mkuu ulikuwa bado umeishika.

Nikauchomoa mkono wangu, nikageuka kushoto, nikapiga kofi moja.

Sauti ilikwenda ikapita katikati ya majani machache, ikaondoka. Haikurudi.

"Upande huu hakuna msitu," nikasema.

Mkuu akacheka, akaniambia yeye anauona kwa macho yake, umefungamana, ukuta wa kijani toka chini hadi juu. Nikamwambia anachokiona ni pazia. Nyuma yake pamekatwa. Akaacha kucheka. Akasema kutuhumu wizi wa miti mbele ya mgeni si jambo la mzaha, kwamba taarifa za kila wiki za kituo hiki ni safi, na kwamba nisiharibu siku nzuri. Taarifa hizo ziliandikwa na mimi, kwa maneno ya Jogoo.

Jogoo alinivuta mkono wa shati. Akanisogelea karibu mpaka nikahisi pumzi yake, akaninong'oneza, "Mama, tumeshinda. Twende nyumbani."

Moyo uliniuma, nisiseme uongo. Yeye ndiye aliyepita njia hii kila wiki akisema hali shwari. Nilishamvunja mara moja kwa mdomo huu huu, naye akanisamehe, akanifundisha kutembea. Na Mkuu, kama aliyesoma mawazo yangu, akasema waziwazi kwamba kama nimekosea, atajua masikio yangu ni ya kubahatisha na orodha zote tatu atazitupa. Ningeweza kurudi na kazi yangu. Kazi ya kusikiliza msitu, huku nimeanza kwa kujifanya sisikii.

Nikatoa mkono wa Jogoo kwenye shati, taratibu. Nikaiweka fimbo mbele, nikatoka njiani, nikaingia majanini peke yangu.

Matawi yalinichapa uso. Nikahesabu hatua. Kwenye ya kumi na mbili nilijikwaa kwenye mzizi nikaanguka kwa goti, nikasikia Mkuu akimwambia mtu anifuate. Nikainuka. Hatua ya ishirini na moja majani yakaisha. Jua lilinipiga usoni lote kwa mara moja, na upepo ukaja bila kuzuiwa na chochote. Fimbo ikagonga kitu. Nikapiga magoti, nikaweka viganja. Kilikuwa kisiki, kipana kuliko mikono yangu miwili ikinyooshwa, bapa, kikiwa na mikwaruzo ya msumeno wa mkono. Utomvu ulikuwa bado unanata. Nikatambaa mbele. Kingine. Nikatambaa tena. Walipotokea nyuma yangu nilikuwa kwenye kisiki cha tano.

Nilisikia daftari la mtafiti likifungwa. Nilisikia Mkuu akihema kwa mdomo, na Jogoo akikaa chini kwenye vumbi la mbao, puu, kama mzigo.

Mkuu akamgeukia Jogoo kwa ukali. Akamwambia kila wiki amepita hapa, kila wiki shwari, na kwamba asubiri barua yake kesho asubuhi.

"Na wewe je?" nikamuuliza Mkuu. "Umesimama pale dakika kumi, ukaona ukuta wa kijani. Ameona ulichokiona wewe. Kama ni barua, ziandike mbili. Tatu, maana hondohondo walininyamazia miezi mitatu na mimi nikanyamaza."

Sijui uso wake ulikuwaje, na sikuujali.

Jogoo ndiye aliyeinuka. Nikasikia akichomoa redio kiunoni na kubonyeza kitufe. "Makao makuu, makao makuu, hapa kituo cha tatu." Redio ikakoroma tu. Akaita tena. Huko ofisini karani aliyeshika nafasi yangu alikuwa anatazama vidoti vyake kwenye kompyuta. Hakuna aliyemfundisha kusikiliza. Jogoo akaita mara ya tatu, na sauti yake ikaanza kukatika.

Nilikuwa nimekaa kwenye kisiki, hatua nne kutoka kwake. Nikatoa kibao na kalamu ya chuma.

"Kituo cha tatu, nakupata," nikasema. "Uko wapi?"

Nikasikia akishusha redio.

"Niko kituo cha tatu, Mama," akasema. "Safari hii niko kweli. Nimesimama kwenye visiki."

"Umekuta nini?"

Karatasi nilizokuja nazo zilikuwa zimejaa ndege. Nikapapasa mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa nane, nikatoa iliyokuwemo, nikaikunjua, nikaibana kwenye kibao. Jogoo alikuwa ameanza kutembea, akitaja visiki kimoja kimoja, ukubwa wake na upande kilipo. Nikaanza kuchoma nukta. Marashi ya limau yakasogea karibu, yakainama juu ya bega langu.

"Mama," Mkuu akasema, "hiyo si ile barua ya kutia sahihi?"

"Ndiyo hiyo. Karatasi nyingine zimeniishia."

Nikasikia akivua koti lake, akikunja mikono ya shati, akimwita mtafiti waanze kuhesabu upande wa chini.

"Hicho ni cha ngapi?" nikamuuliza Jogoo.

"Cha tisa," akasema, na mimi nikaandika.